Risala ya Wahitimu wa Ushonaji wa Viwandani kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, walimu wetu wapendwa, wazazi na walezi, wageni waalikwa, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa.

Kwa niaba ya wahitimu wenzetu tunakukaribisha kwa moyo mkunjufu, na tunakushukuru kwa kuacha majukumu yako ukaja kukaa nasi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Kiwanda cha nguo kikizalisha kidogo, lawama huwaangukia mafundi: wavivu, wazito, hawajitumi. Sisi tumekaa kwenye laini, yaani safu ya mafundi wanaopokezana nguo hatua kwa hatua, na tumeona. Mikono ya fundi haitulii kutwa nzima, lakini muda ambao sindano inapita kwenye kitambaa ni sehemu ndogo tu ya kazi hiyo. Muda mwingine unaliwa na kuinama kuokota kipande, kukigeuza kwa kuwa kimeletwa ndani nje, kutafuta mkasi, kusubiri bobini ya uzi wa chini, kufumua mshono uliokwenda upande. Jasho lote hilo mteja halilipii.

Hapa karakanani vipande vilikuwa vinakaa kwenye kreti sakafuni, upande wa kulia. Fundi anainama, anainua, anahamisha kutoka mkono huu kwenda ule, ndipo anaingiza chini ya mguu wa cherehani unaobana kitambaa penye sindano. Mwalimu akatuelekeza tuweke kimeza upande wa kushoto, usawa wa meza ya cherehani, vipande vimepangwa ukingo wa kushonwa ukielekea sindano. Mkasi wa kukatia nyuzi ukafungwa kamba pale pale mezani. Mbao tulipewa na wenzetu wa useremala. Jioni migongo haikuuma kama zamani, na mashati yaliyokamilika yaliongezeka.

Jambo la pili ni mpangilio wa laini. Tuchukue shati la sare ya shule. Kama kila hatua inachukua sekunde 45 lakini kuunga kola kunachukua sekunde 90, laini nzima itatoa mashati 40 kwa saa, hata wengine wakikimbia namna gani. Wanachofanya wakikimbia ni kumrundikia wa kola mlima wa kazi. Akiongezwa fundi wa pili kwenye kola, laini hiyo hiyo inafika mashati 80. Kwa hiyo msimamizi mwenye saa mkononi na macho ya kuona kazi inakwama wapi anatusaidia kuliko anayepita akifoka.

Vilevile mafungu ya vipande ambayo fundi humaliza ndipo ampe anayefuata. Fungu la vipande 20, kila kimoja dakika moja, humfanya fundi anayefuata asubiri dakika 20 kabla ya kupata cha kushika. Na kama mfuko umeshonwa vibaya, huenda vyote 20 vikawa vimeharibika kabla hajatokea wa kugundua. Fungu la vipande 5 hupunguza kusubiri, na kosa huonekana mapema.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Elimu hii ya kuondoa jasho la bure haikutoka mbali na kazi yetu. Familia ya Toyoda ya Japani, iliyoanzisha kampuni ya Toyota, kabla ya magari ilitengeneza mitambo ya kufumia. Mtambo aliokamilisha Sakichi Toyoda mwaka 1924 ulisimama wenyewe uzi ulipokatika, usiendelee kufuma kitambaa kibovu. Taiichi Ohno, aliyeanzia kazi kwenye kiwanda cha nyuzi na vitambaa cha familia hiyo, ndiye baadaye aliyeainisha aina 7 za upotevu kiwandani, zikiwemo kusubiri, mwendo usio na faida na bidhaa zenye kasoro. Nchi yetu inalima pamba Shinyanga, Simiyu na Mwanza, na sehemu kubwa tunaiuza nje ikiwa ghafi. Tukitaka ishonwe hapa na kushindana sokoni, ni lazima tuijue elimu hii.

Lakini tunasema wazi, mbele yako na mbele ya waajiri waliopo. Kupunguza jasho la bure si kumkamua mfanyakazi. Laini ikitoka mashati 40 hadi 80, halafu lengo likapandishwa na mshahara ukabaki pale pale, au wenzetu wakapunguzwa kazi, hakuna fundi atakayeonyesha tena njia rahisi aliyoigundua. Ataificha, na atakuwa na haki. Faida igawanywe.

Pamoja na mafanikio hayo, tuna maombi kwako. Cherehani za viwandani ni chache, na mashine ya ovaloki, ile ya kushona kingo zisifumuke, tunaipanga foleni, hali inayotufanya tusubiri sisi wenyewe tunaofundishwa kuondoa kusubiri. Tunaomba utusaidie kupata nyingine. Tunaomba pia utufungulie milango ya mazoezi kazini kwenye viwanda vya nguo, kama vile vilivyopo Mabibo, Dar es Salaam, na wasimamizi wa laini waliokwisha ajiriwa waruhusiwe kuja hapa kwa kozi fupi za jioni. Walimu wako tayari, na karakana huwa tupu kuanzia saa kumi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.