Shangazi, uliniuliza hadithi yake nini

Shangazi yangu, shikamoo.

Juzi kwenye simu uliniuliza, "Sasa hiyo baleti uliyokwenda kuitazama, hadithi yake nini?" Nikababaika. Leo nakujibu hapa hadharani, maana wengi wameniuliza hilohilo.

Hadithi haipo. George Balanchine, mzaliwa wa St. Petersburg aliyehamia Marekani, alivutiwa na vito vya sonara Claude Arpels, akatunga baleti hiyo, Jewels, yaani Vito. Ilichezwa mara ya kwanza New York, Aprili 1967. Hamna mwana wa mfalme wala mchawi. Kuna sehemu tatu, zumaridi, rubi na almasi, kila kito na muziki wa mtunzi wake: Fauré, Stravinsky, Tchaikovsky.

Lakini wewe ni fundi cherehani, ngoja nikueleze nguo. Alizibuni Barbara Karinska. Za zumaridi ni sketi ndefu laini, zinamfuata mchezaji kama maji. Za rubi ni fupi, zinaruka naye. Na kile kifua cha gauni kinachobana mwili, Karinska alizoea kukata vipande vyake hanamu, vile ulivyonifundisha, ili kitambaa kivutike. Nilikuwa juu kabisa, viti vya bei nafuu, jirani akaniazima darubini. Nikamwona binti amesimama kimya baada ya kuzunguka sana, mbavu zinapanda na kushuka, na vile vijiwe vya bandia vinapanda na kushuka naye. Hakuna mshono uliokunjamana. Nilikukumbuka sana, Shangazi.

Kwenye rubi kuna msichana mrefu. Wanaume wanne wanamshika, huyu mkono, yule mguu, wanampinda huku na huku. Ungedhani wanamtawala. Mimi niliona wao ndio wanaomtumikia, kwa jinsi alivyowatazama.

Halafu almasi, nyeupe tupu, inayorudi kwenye Urusi ya kifalme alimozaliwa Balanchine. Mwanamke na mwanamume wanaanza mbalimbali, wanatembea tu, taratibu, kila mmoja akimwendea mwenzake. Wanacheza muda mrefu, mara mwanamke anamkaribia, mara anamponyoka. Mwisho mwanamume anapiga goti na kuubusu mkono wa mwanamke.

Hapo nililia, Shangazi. Ulipouliza hadithi, nilitaka kukwambia habari ya mkono ule, nikakosa pa kuanzia.

Mwanao