Sabuni hainyooshi mkia

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata, na habari ya vijana tisa kujiandikisha kufuga kuku wa maonyesho imenifurahisha mno. Umeuliza kuku aoshweje ili ang'ae mbele ya mwamuzi. Nitafika huko, ila niruhusu nianze nyuma kidogo, maana sabuni hainyooshi mkia uliopinda. Kazi kubwa hufanyika siku unapochagua jogoo gani akae na koo yupi, yaani kuku jike gani.

Kila kijana achague aina moja tu ya kuku, kisha asome kiwango chake kilichoandikwa, yaani sifa anazotafuta mwamuzi, mpaka aweze kukisema bila kitabu: umbo la upanga (ile nyama nyekundu ya kichwani) na idadi ya meno yake, rangi ya macho, miguu na ndewe, mkia unavyokaa, idadi ya vidole. Kuku wa aina ya Siliki, kwa mfano, anatakiwa kuwa na vidole vitano kila mguu, wakati kuku wengi wana vinne. Halafu azijue kasoro za kumtoa kuku mashindanoni moja kwa moja: mdomo uliopishana, mkia ulioegemea upande mmoja, kijimeno kilichochipua ubavuni mwa upanga ulio wima, kinyoya kwenye mguu unaotakiwa kuwa mtupu. Kasoro hizi nyingi hurithiwa. Kuku wa namna hiyo asizalishwe, hata awe mpole na mwenye kupendwa kiasi gani. Hapo ndipo vijana hulia, nawe usiwacheke. Waeleze kwamba anaweza kubaki bandani akitaga, bali mayai yake yasiingie kwenye mashine ya kutotolesha.

Kwa mwanzo, jogoo mmoja na makoo wawili wanatosha. Ukibadilisha jogoo, subiri wiki tatu kabla ya kukusanya mayai ya kutotolesha, kwa sababu mbegu za jogoo wa kwanza huendelea kuishi ndani ya koo kwa wiki mbili au zaidi. Asiyesubiri huandika baba asiye baba, na daftari lote linaharibika.

Rangi nazo zina hesabu yake. Kijana anayefuga kuku wa buluu atashtuka akipandisha buluu kwa buluu, kisha vifaranga watoke wa aina tatu. Hakuna jogoo wa jirani aliyeingia. Kwa wastani nusu huwa buluu, robo weusi, na robo weupe wenye madoa. Akipandisha mweusi na yule mwenye madoa, vifaranga wote watakuwa buluu. Mwache ajaribu na aandike. Atazielewa kanuni za urithi kwa macho yake.

Tarehe ya kupanga mayai mashineni hupatikana kwa kuhesabu kurudi nyuma kutoka siku ya maonyesho. Bantamu, yaani kuku wa aina ndogo, huhitaji kama miezi mitano au sita ili wakamilike manyoya, na aina nzito saba au nane. Mayai yasizidi siku 7 tangu kutagwa, yakae mahali penye ubaridi wa wastani, ncha nyembamba ikiwa chini, na kila yai liandikwe kwa penseli tarehe na namba ya banda. Mashine yenye feni iwe nyuzi 37.5, unyevu karibu asilimia 50, mayai yageuzwe walau mara tatu kwa siku. Siku ya 18 acha kugeuza, pandisha unyevu kufikia 65 au 70, na usifungue tena mpaka vifaranga watoke siku ya 21. Kijana anayefunua kila saa kuchungulia huupoteza unyevu, utando wa ndani hukauka, na kifaranga hunaswa akiwa ameshatoboa ganda. Unyevu ukizidi siku za mwanzo, yai halipotezi maji ya kutosha, nafasi ya hewa inakuwa ndogo, na kifaranga anafia ndani.

Pete za utambulisho miguuni zikaguliwe kila wiki. Mguu unakua, pete haikui, na ikisahaulika inakata nyama. Matandazo yawe makavu muda wote, kwani kuhara damu hushamiri palipolowa. Utitiri na chawa watafute chini ya mbawa na kuzunguka sehemu ya haja. Dawa irudiwe kwa muda ulioandikwa kwenye maelezo yake, kwa kuwa mayai ya wadudu mara nyingi hunusurika dozi ya kwanza. Na banda la kuku weupe liwe na kivuli, la sivyo jua litawatia umanjano.

Sasa kuosha. Fanya siku mbili au tatu kabla, ili mafuta ya asili yapate kurudi kwenye manyoya. Andaa beseni tatu za maji ya uvuguvugu: la kwanza na sabuni laini, la pili na siki kidogo ya kuondoa povu, la tatu maji matupu. Mkono mmoja usimwachie kuku hata kidogo, kichwa chake kibaki juu ya maji. Sugua kufuata unyoya ulivyolala. Ukienda kinyume unavunjika, na uliovunjika hautengenezeki mpaka kuku abadilishe manyoya. Miguu isuguliwe kwa mswaki laini, na uchafu ulio chini ya magamba utolewe taratibu kwa kijiti cha meno. Akaushwe mpaka ndani kabisa, kwenye joto lisilo na upepo. Asubuhi ya maonyesho, paka mafuta kiasi cha tone kwenye upanga na miguu, kisha yafute. Yakigusa manyoya yatanasa vumbi.

Mazoezi ya kizimba yaanze wiki mbili kabla. Kuku aliyezoea kutembea bandani akifungiwa ghafla hujikunyata kwenye kona, na mwamuzi hawezi kulihukumu umbo asiloliona. Kijana apitishe kiganja chini ya kidari, kidole cha shahada kiwe katikati ya miguu, gumba na vidole vingine vibane kwa nje, kichwa cha kuku kikimwelekea yeye. Atoke kizimbani kichwa kikitangulia, na arudi vilevile, ili mbawa zisikwame mlangoni. Dakika kumi kila jioni zinatosha, na ukitoa punje chache mwishoni, baada ya siku kadhaa kuku husogea mwenyewe mlangoni akiona mkono.

Wakirudi kutoka maonyeshoni, wasichanganywe na wenzao. Watengwe wiki tatu, wahudumiwe wa mwisho, na viatu vya banda lao visiingie banda lingine. Chanjo ya kideri iwe imekamilika mapema kabla ya safari, kwa ratiba ya daktari wa mifugo wenu.

Niandikie kila kijana amechagua aina gani, na tarehe ya maonyesho, tuhesabu pamoja siku ya kupanga mayai.

Wako akupendaye,
Rafiki yako