Barua kwa wanangu wanaoshika kona za mabondia

Wanangu mnaoshika kona Unguja na Pemba, assalaam alaykum.

Juzi nilikaa safu ya pili kuangalia pambano, na hadi leo sijapoa. Kijana wetu karudi kwenye kiti baada ya raundi ya nne, nyusi imepasuka, damu inamwingia jichoni. Watu wanne wakamrukia. Huyu anamwambia "msogelee", yule "mkimbie", wa tatu anammwagia maji mpaka ulingo ukawa utelezi, wa nne anapangusa jeraha kwa taulo lile lile la jasho la raundi ya kwanza. Kengele ikalia, mtoto kainuka hajui ashike lipi. Manahodha wengi, chombo huenda mrama, na chombo chenyewe hapa ni kichwa cha mtoto wa mtu!

Mna dakika moja tu. Mwacheni kwanza avute pumzi. Aseme mwalimu peke yake, tena maneno mawili matatu: "Mkono wa kulia juu." Basi. Wa jeraha afanye kazi yake kimya: afute kwa pamba safi, aukandamize mpasuko bila kuachia, kisha apake vaselini. Uvimbe hukandamizwa kwa chuma kilicholala kwenye barafu, hausuguliwi.

Mpinzani msomeni mapema. Akiwa wa mkono wa kushoto, bondia wenu wa kulia aweke mguu wa mbele nje ya wa mwenziwe, azungukie kushoto kwake, arushe ngumi ya kulia iliyonyooka. Mrefu aingiliwe, achapwe mbavu. Anayekuja mbele tu apishwe pembeni.

Lakini taulo, wanangu, lile ambalo kona hulirusha ulingoni kusimamisha pambano. Ndondi zilipopigwa marufuku hapa kwetu baada ya Mapinduzi ya 1964, tulivuka bahari kupigana Bara. Usiku mmoja Tanga nilimshikia kona kijana wa Kipemba. Baada ya raundi ya saba nikamuuliza, "Tuko wapi?" Akanijibu, "Wete." Nikajua. Nikamrudisha vile vile, kwa kuwa watu walikuwa wakiliita jina lake nami nikaona haya. Hakupigana tena maisha yake. Nilipokwenda kumtazama, alishika kikombe cha chai kwa mikono miwili na bado kilimwagika.

Manila, tarehe 1 Oktoba 1975, Joe Frazier alibakisha raundi moja tu na Muhammad Ali. Macho yamevimba, haoni, na bado anataka kuendelea. Mwalimu wake, Eddie Futch, akasema basi. Huyo ndiye mtu wa kona. Sisi huku anayerusha taulo tunamzomea, na waandaaji wanakumbuka spika kabla ya kumkumbuka daktari. Aibu hiyo ni yetu sote, mchezo wenyewe umefunguliwa juzi tu, zama hizi za Rais Hussein Mwinyi.

Pambano lijalo nitakaa safu ile ile. Njooni na pamba safi, barafu, na mataulo mawili: moja la jasho, na jengine kavu, likae begani kwa mwalimu tangu kengele ya kwanza.