Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama, assalaam alaykum, na wote hamjambo.

Wakongwe wa chama wanakumbuka enzi ambapo mgonjwa wa Lamu alishuka Mombasa, akapanda basi la usiku, akaenda kupanga foleni ya mionzi ya kutibu saratani katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi. Leo kituo cha saratani kipo Mombasa, katika Hospitali Kuu ya Pwani, na kaunti zetu sita zinakitegemea. Ni neema kubwa.

Hata hivyo, mwaka mzima nimekuwa nikisema jambo moja kila nilipoitwa, nanyi mtanivumilia nilirudie: wagonjwa wetu wanapotea njiani. Mama wa Hola au Taveta huanzia zahanati. Akikatwa kipande cha uvimbe, kipande husafirishwa hadi maabara, majibu hurudi hospitalini, na yeye yuko shambani, simu haina chaji. Zahanati imeshamwandikia rufaa, kwa hivyo si wake tena. Hospitali ya rufaa bado haijamwona, kwa hivyo si wake bado. Siku hizo zote hana mwenyewe, na uvimbe unakua. Ndiyo maana tunaziomba kaunti zimpe kila mgonjwa mtu mmoja wa kumfuatilia, tangu zahanati hadi mwisho wa matibabu, na faili lake lisomeke kokote aendako. Mashine za mionzi bila mtu huyo ni nusu ya kazi.

Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoniuma zaidi, maana inazuilika. Chanjo ya HPV, yaani virusi vinavyosababisha saratani hiyo, hutolewa kwa wasichana tangu 2019. Uchunguzi wa siki, ambapo mlango wa kizazi hupakwa siki nyepesi na sehemu zenye dalili za hatari hugeuka madoa meupe, hufanywa na muuguzi katika kituo cha afya, na madoa mengi hutibika siku hiyo hiyo. Akina baba mliopo hapa, wapelekeni mabinti wakachanjwe.

Kuhusu SHA, yaani Mamlaka ya Afya ya Jamii inayosimamia bima ya afya ya taifa, wengi bado wanadhani kujiandikisha kunatosha. Michango ilipwe kabla ya ugonjwa.

La mwisho ni malazi. Mionzi hutolewa Jumatatu hadi Ijumaa, wiki kadhaa mfululizo. Anayetoka Voi hawezi kwenda na kurudi kila siku, na wengine wameacha matibabu katikati kwa kukosa pa kulala. Kamati inapendekeza tukodi nyumba karibu na hospitali. Mweka hazina atawasomea gharama sasa hivi, kisha tutapiga kura.