Wanaofiwa wasiachwe peke yao saa moja inapofika

Kwa Mhariri,

Tangu amri ya kudhibiti korona ya mwezi Juni mwaka huu wa 2021 itolewe kwa kaunti 13 za eneo letu, kafyu huku Kisumu huanza saa moja jioni, maiti huzikwa ndani ya saa 72 na waombolezaji hawaruhusiwi kuzidi 50. Sina ugomvi na amri hiyo. Delta, ile aina ya korona inayoenea haraka, imetupiga vibaya na sitaki mtu aambukizwe matangani. Ninachouliza ni hiki: mjane tuliyemwacha nyumbani anaangaliwa na nani?

Shemeji yangu tulimzika huko Seme mwanzoni mwa Julai. Jeneza lilifika saa nne asubuhi, na kufikia saa sita kaburi lilikuwa limeshafunikwa. Kwa kawaida yetu Waluo, mjane hatalala peke yake siku kama hizo. Wanawake wa boma hutandika mikeka sakafuni mwake, huyu akikoroga uji, yule akimbembeleza mtoto, mwingine akisimulia vituko vya marehemu mpaka watu wanacheka na machozi yakiwatoka. Disko matanga, ile densi ya usiku msibani, siitetei, hata kidogo. Lakini ule mkeka ulikuwa dawa, na hakuna aliyekumbuka kutupa nyingine ilipoondolewa.

Siku hiyo, saa kumi jioni, kila mtu alikuwa akichungulia saa ya simu yake. Saa kumi na moja tulikuwa ndani ya matatu, kila mmoja kajinyamazia.

Wiki moja baadaye jirani wa yule mjane alinipigia. Kila jioni, alisema, mama huyo anabandika jikoni sufuria ya matanga, ile kubwa tuliyoazima kanisani, anachemsha chai ya watu arobaini, anakaa nayo mpaka inapoa, halafu anaimwaga nyuma ya nyumba. Majani na sukari vikiisha, anachemsha maji matupu.

Tangu hapo tumepanga zamu. Saa mbili usiku mmoja wetu anampigia, yeye anaweka simu mezani kwa sauti ya juu na tunaongea kama tuliokaa naye: bei ya omena, watoto, marehemu alivyokuwa mbishi. Salio la simu linaisha, tunakopa. Usiku wa nne ndipo alipolia vizuri. Siku hizi anatumia sufuria ndogo.

Nami sijapona, nisijifanye. Nauza mitumba, na masoko yasiyo ya chakula yalipofungwa nilibaki na marobota chumbani, mchana nikisubiri idadi ya wagonjwa redioni, usiku nikihesabu misumari ya mabati. Taarifa hiyo sasa naisikiliza mara moja kwa siku, kisha nazima. Asubuhi naoga, navaa kama mtu wa kwenda kazini, natembea hadi kibandani na kufagia mbele ya mlango uliofungwa. Majirani wananiona kichaa. Usingizi umerudi, angalau nusu.

Mhudumu wa afya ya jamii alifika kwetu mara mbili. Aliuliza kuhusu joto, kikohozi na barakoa. Ningeomba Wizara ya Afya na serikali za kaunti ziongeze maswali mawili kwenye karatasi yake: unalala? Na nani anakuja kukuona? Ayaulize kwa Kiluo, Kiluhya au Kigusii, akiwa amekaa kitini, na nyumba iliyofiwa airudie. Laini ya bure ya Msalaba Mwekundu, 1199, ipo na watu waitumie, ila mjane wa kijijini hataanza kumfungulia moyo mtu asiyemjua kabla hajaonyeshwa njia na mtu anayemfahamu.

Kuna na jambo la sheria. Hadi leo, Julai 2021, Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kinamfanya mhalifu mtu aliyejaribu kujiua, na adhabu yake inafika miaka miwili gerezani. Mtu aliyezidiwa atamwambiaje chifu, au hata daktari, yaliyomo kichwani mwake, ikiwa kusema kwenyewe kunaweza kumfikisha kortini? Wabunge wetu wa huku wangeanzia hapo.

Naishia hapa, Mhariri. Saa mbili inakaribia na leo zamu ni yangu.

Muuza mitumba,
Kondele, Kisumu
Julai 2021