Prado yako inayokunywa maji

Pasua, Moshi

Baba Neema,

Salamu kutoka huku, nyumbani wote wazima. Nimesoma ujumbe wako kuhusu gari kwa makini. Unasema Prado inamaliza kama nusu lita ya maji ya rejeta kila wiki, chini hapadondoki kitu, sindano ya joto haijapanda, na fundi tayari anataka kufungua silinda hedi, kile kifuniko kikubwa cha juu ya silinda za injini. Nakuomba usikubali kwa sasa. Hedi inaweza kweli kuwa mbovu: injini yako ni 1KZ-TE ya dizeli, hedi yake ni ya aluminiamu, na mafundi wengi wanajua inavyopasuka ikishachemsha mara moja tu. Lakini kazi hiyo inafanywa mwisho. Ni ghali, na hedi ikishatolewa ni vigumu kujua maji yalikuwa yanapita wapi.

Anza na vipimo. Asubuhi, injini ikiwa ya baridi kabisa na gari likiwa sehemu tambarare, fungua mfuniko wa rejeta wenyewe, usiishie kuangalia kitanki cha akiba. Jaza rejeta hadi shingoni, kitanki jaza hadi mstari wa juu, ukibandike kipande cha plasta hapo. Andika kilomita. Kesho yake asubuhi, saa ile ile, angalia vyote viwili. Ukiongeza maji, ongeza kwa chupa ya soda ya nusu lita ili ujue kiasi. Kama maji yalibadilishwa karibuni, usawa ukishuka safari mbili tatu za mwanzo ni hewa inayotoka kwenye mfumo, usianze kuhangaika.

Nasisitiza kuangalia vyote viwili kwa sababu hapo ndipo watu wengi wanapodanganyika. Injini ikipata joto maji yanavimba, yanasukuma mfuniko na kuingia kwenye kitanki. Ikipoa, rejeta inayavuta yarudi kupitia kile kivalvu kidogo cha katikati ya mfuniko na kampira kembamba kanakounganisha. Sasa, ukikuta kitanki kimejaa lakini rejeta imepungua, maji yalitoka ila hayakurudi: kivalvu kimeganda, au kampira kamepasuka na kananyonya hewa badala ya maji. Hapo dawa ni mfuniko mpya au kampira. Ukikuta kitanki kimezidi mstari, pengine kinamwagika, na rejeta kila siku inapungua hata baada ya kuweka mfuniko mpya, kuna kitu kinasukuma maji kwa nguvu kutoka ndani. Hiyo ndiyo dalili ya hedi. Vyote viwili vikishuka, maji yanatoka nje ya mfumo na tutayatafuta.

Mfuniko ubadilishe mapema, hata kama unaonekana mzima. Angalia mpira wake mpana wa chini: ukiwa mgumu, una alama ya kuzama au umepasuka, umekwisha. Nunua wenye namba ile ile ya presha iliyoandikwa juu, iwe 0.9 au 1.1, usikubali kuambiwa yote ni sawa. Kwa Arusha jambo hili ni zito kuliko kwa Dar. Mjini kwenu mko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na maji yasiyo na presha yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Mfuniko mzima wa 0.9 unayapeleka hadi kama 116 kabla hayajachemka. Mfuniko ukiwa umechoka, unabakiwa na nafasi ndogo sana kati ya joto la kawaida la injini na kuchemka, hasa ukipanda Ngaramtoni na mzigo huku kiyoyozi kinafanya kazi. Maji yanatoka kidogo kidogo kama mvuke kwenye kitanki, na chini huoni tone.

Hatua ya pili ni pampu ya kupimia presha ya rejeta. Uliza mtaa wa Unga Limited hapo Arusha, fundi wa rejeta anayejua kazi yake anayo. Inafungwa mahali pa mfuniko, injini ikiwa ya baridi, inapampwa hadi namba ya mfuniko wako na isizidi hapo. Ukizidisha unaweza kupasua rejeta nzima. Subiri dakika 15 huku ukiangalia sindano. Isiposhuka, iache saa moja au usiku kucha. Sababu ya kupima baridi ni hii: uvujaji mdogo injini ikiwa ya moto unakauka juu ya chuma kabla haujadondoka. Ndiyo maana unaangalia chini huoni kitu. Tena kuna klipu za mipira zinazovuja zikiwa baridi tu, kwa kuwa chuma kimesinyaa, na gari likipata joto zinaziba zenyewe.

Presha ikiwa ndani, chukua tochi, kioo kidogo na karatasi ya chooni. Tafuta ukoko wa rangi, mweupe, wa kijani au wa waridi kulingana na kulanti uliyonayo, yaani dawa ya rangi inayochanganywa na maji ya rejeta. Ukoko huo ndiyo alama ya maji yaliyokwisha kukauka. Pitia ncha zote za mipira, chini ya klipu hasa. Pitia ule mstari ambapo plastiki ya juu ya rejeta imebanwa kwenye aluminiamu. Kwenye rejeta za zamani plastiki inakuwa kavu na kufanya ufa mwembamba kama unywele. Pampu ya maji ina kitundu kidogo chini ya shafti yake, kimewekwa makusudi ili sili ikifa maji yatokee hapo badala ya kuingia kwenye beringi. Ukiona mchirizi umeanzia hapo, pampu imekwisha. Shika pia panga za feni, injini ikiwa imezimwa, uzitikise mbele na nyuma. Zikicheza, beringi inakwenda.

Kama Prado yako ni ile ndefu yenye hita ya nyuma, ingia chini ufuate mabomba yake ya chuma. Yanapita chini ya bodi, yanashika matope, yanaoza kwa nje, na hakuna anayeyakumbuka. Mimi ningeyaangalia kabla ya kugusa kitu chochote cha injini. Ukikuta yameoza na kule nyuma huitumii hita, fundi anaweza kuyaunganisha kwa mpira mfupi pale mbele na kuyaacha, hakuna madhara. Angalia na vile vizibo vya chuma vya mviringo pembeni mwa bloku, hasa vya nyuma karibu na gia boksi. Vinaoza kutokea ndani gari likitumia maji matupu miaka mingi.

Hita ya mbele nayo inavujia ndani ya gari. Papasa zulia upande wa abiria wa mbele, chini kabisa, mpaka kwenye sponji. Maji ya kiyoyozi ni meupe na hayana harufu, ya kulanti yanateleza kwenye vidole na yananukia utamu. Washa hita asubuhi ya baridi: kioo cha mbele kikipata ukungu wa mafuta usiofutika vizuri kwa kitambaa, umepata jibu. Usiyaonje. Na yakimwagika uani yasafishe mara moja. Utamu wake unavuta mbwa na watoto, na ni sumu.

Ikiwa sindano ya pampu inashuka na nje pote ni pakavu, na zulia ni kavu, hapo ndipo tunazungumzia ndani ya injini. Kabla ya yote vuta kijiti cha oili. Utando wa rangi ya chai ya maziwa chini ya mfuniko wa oili peke yake usikutishe. Magari ya safari fupi za asubuhi za Julai hupata unyevu huo. Ukiwa kwenye kijiti chenyewe, maji yameingia. Vuta na kijiti cha gia boksi kama ni otomatiki, maana oili yake inapozwa ndani ya tanki la chini la rejeta. Ikiwa na rangi ya waridi yenye povu, zima gari, usiendeshe hata hadi gereji. Rejeta mpya ni nafuu kuliko gia boksi.

Kisha fanya mambo mawili ambayo hayahitaji kifaa. Moja: asubuhi kabla ya kuwasha, binya mpira wa juu wa rejeta. Unatakiwa uwe laini. Ukiwa bado mgumu baada ya usiku mzima, kuna gesi ya silinda imebaki kwenye maji. Washa injini huku umeushika. Ukikakamaa ndani ya dakika moja au mbili, kabla maji hayajapata joto, gesi inapita. Pili: injini ikiwa baridi, fungua mfuniko, washa, angalia shingo ya rejeta. Mapovu ya mwanzo ni hewa. Mapovu yanayoendelea hata baada ya themostati (valvu inayoruhusu maji kwenda rejeta yakipata joto) kufunguka, na yanayoongezeka ukikanyaga mafuta, ni gesi. Usikae na uso juu yake, na maji yakianza kupanda zima. Mfuniko usiufungue kamwe injini ikiwa ya moto.

Uthibitisho ni dawa ya kupima gesi, ile ya bluu inayowekwa juu ya shingo ya rejeta na kuvuta hewa ya juu ya maji. Kwa dizeli inageuka kijani, kwa petroli njano. Punguza maji kwanza yasinyonywe kwenye kifaa, yakiingia kipimo kimeharibika. Ukitaka kujua silinda gani, weka presha usiku kucha, asubuhi toa plagi zote za kupashia, fundi akate dizeli, halafu piga stata. Tundu litakalotema mvuke au maji ndilo la silinda yenye tatizo. Plagi zitolewe kwanza, usisahau: maji hayabanwi, na ukipiga stata silinda ikiwa na maji konrodi, ule mkono wa pistoni, unaweza kupinda.

Hedi ikitoka kwa sababu hizo, isirudi na gasketi mpya bila kupimwa ufa kwa presha kwenye karakana ya mashine. Kuisawazisha peke yake hakutoshi.

Kuna mambo mawili ambayo fundi atakupendekezea na ninaomba ukatae. Ya kwanza ni dawa ya kuziba inayomwagwa kwenye rejeta. Inaziba palipovuja kwa muda na inaziba pia vijitundu vya rejeta na hita, kisha unakuwa na matatizo mawili. Ya pili ni kutoa themostati. Kwenye injini nyingi za Toyota sahani yake ya chini ndiyo inayofunga njia ya mkato. Ukiitoa, maji mengi yanazunguka kwenye injini bila kupita rejeta, na mlimani gari linapata joto zaidi. Ukiwa na wasiwasi nayo, ichemshe kwenye sufuria. Yenye alama ya 82 itaanza kufunguka kabla maji hayajachemka, ila usingoje kuiona wazi kabisa, kwani maji ya Arusha huenda yakachemka kabla ya hapo.

Mkishamaliza, jaza kulanti nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa ya betri, yasiyo na asidi. Ya bomba yanaacha chumvi. Nyekundu usichanganye na kijani. Weka swichi ya hita upande wa joto, jaza polepole huku unabinya mipira, pua ya gari ikiwa imeinuka kidogo, hadi mapovu yakome.

Niandikie ukishapata vipimo vya asubuhi tatu: kilomita, chupa ngapi umeongeza, kitanki kilikuwa wapi, mpira mgumu au laini. Mwambie fundi asubiri hizo namba.

Wasalimie mama Neema na watoto.

Rafiki yako