Mpwa wangu, hiyo lenzi ya 420-800 waachie wenyewe

Mpwa wangu,

Salamu za nyumbani. Tangazo ulilonitumia nimelisoma mpaka maandishi madogo ya chini kabisa. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu swali lako si lako peke yako. Kila anayeanza kupiga picha za ndege huku pwani hukutana na lenzi hiyo hiyo mtandaoni na kuuliza hivyo hivyo: "Inafika milimita 800, bei yake ya simu ya kawaida tu, mbona nisichukue?"

Usichukue. Hizo milimita, yaani uwezo wa kuvuta mbali, hawajakudanganya, zipo. Tatizo liko kwenye namba iliyoandikwa pembeni: f/8.3 hadi f/16. Hiyo f ni namba ya uwazi wa lenzi: ikiwa kubwa, mwanga unaopita ni mdogo. Ukiivuta mpaka mwisho, inapitisha sehemu moja tu kati ya nane ya mwanga ambao ungepita kwenye lenzi ya f/5.6. Asubuhi ya mawingu utapandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, mpaka picha ijae chengachenga. Tena haina mota wala mawasiliano yoyote na kamera. Fokasi unaizungusha kwa mkono, na keremkerem hakusubiri umalize kuzungusha. Kuna na zile fupi nene zinazotumia vioo vya kuakisi ndani, 500 f/8, zinazogeuza kila doa la mwanga nyuma ya ndege kuwa pete. Nazo pia waachie wenyewe.

Ukitaka kujua pesa ya lenzi ndefu inaenda wapi, gawanya milimita kwa namba ya f. 400 kwa 5.6 ni kama milimita 71, na huo ndio upana wa mwanga unaoingia. 600 kwa 4 ni 150. Kioo kizuri cha upana huo ni ghali kukisaga na kizito kukibeba, ndiyo maana Canon walipotoa RF 600 f/4 mwaka 2021 waliitia bei ya dola 12,999. Kwa hiyo anayekuuzia milimita nyingi kwa bei chee lazima kuna mahali amebana. Kazi yako ni kujua kabana wapi, na kama pale alipobana pana madhara kwako.

Sasa wewe ndege zako ziko wapi? Ziko kwenye hori la Mida, ziko mlangoni mwa mto Sabaki, na ukipata nauli ziko msitu wa Arabuko. Huendi na gari, unashuka matatu barabarani na mkoba mgongoni, kisha unatembea. Na kamera yako ni DSLR ya Canon, ile aina yenye kioo cha kuakisi ndani, na sensa yake ni ndogo, ambayo hubana picha kwa 1.6, kwa hiyo milimita 400 kwako inaona kama 640. Mambo hayo matatu ndiyo yanayochagua lenzi.

Mimi ningekutafutia Canon EF 400mm f/5.6L. Ni ya zamani, ilitoka mwaka 1993, na haitengenezwi tena, kwa hiyo ni ya kununua ikiwa imetumika. Ina uzito wa kilo moja na robo, kofia yake ya kuzuia jua imejengewa humo humo unaivuta tu, na fokasi yake inamshika membe hewani bila kusitasita. Ukali wa picha ni uleule hata ukiifungua yote. Walichobana hapa ni viwili: haina zumu, na haina kizuia mtikisiko. Cha pili kinawatisha watu bure. Kifaa hicho hutuliza mkono wako, hakitulizi bawa la ndege. Anayeruka unampiga kwa kasi ya 1/2000 ya sekunde, anayetembea 1/1000, na kwa kasi hizo mtikisiko wa mkono wa kijana kama wewe hauna la kufanya.

Najua utaniambia 400 ni fupi. Hebu tuhesabu pamoja. Kwa kamera yako, 400 ukiwa mita 20 inaonyesha upana wa kama mita moja na sentimita kumi. Yule ndege mweupe mwenye mgongo mweusi anayekula kaa pale Mida, yule anayekwenda kuzaa kwenye mashimo ya mchanga kando ya bahari za Uarabuni kisha anaturudia, ana urefu wa kama sentimita 40. Anakujazia zaidi ya theluthi ya picha. Mwenye 600 akiwa mita 30 anapata picha ileile hasa. Tofauti yenu ni mita kumi, na mita kumi pale Mida hazinunuliwi, zinaletwa na maji. Maji yakipwa ndege wametawanyika huko mbali kwenye tope, huwafikii hata na 800. Yakianza kujaa yanawasukuma polepole kuelekea ulipo. Soma jedwali la maji, fika mapema, kaa chini utulie. Wakati wa bamvua maji yanapanda mpaka mikokoni na kwa ndege pa kusimama panakuwa padogo, hapo wanasongamana. Ukiwafuata kwa miguu watapaa, na utakuwa umewaharibia mapumziko yao.

Na usipige kuanzia saa nne hivi mpaka jua lilegee. Ule mvuke wa joto unaocheza juu ya tope unalainisha picha hata ya lenzi ya dola elfu kumi, na kadiri ndege alivyo mbali ndivyo unavyozidi. Watu wengi hulaumu lenzi zao kwa kosa la hewa.

Pale 400 itakapokushinda ni msituni. Bundi mdogo wa Sokoke analala mchana ndani ya kichaka chenye giza. Hapo ndege hatikisiki, anayetikisika ni wewe, na kizuia mtikisiko kinalipa gharama yake. Kama roho yako iko Arabuko zaidi kuliko ufukweni, basi angalia Sigma 150-600 ile ya daraja la Contemporary, au Tamron 150-600, hasa toleo la pili la mwaka 2016. Zote ni f/5-6.3, zote zina mota na kizuia mtikisiko. Hasara yake ni uzito, maana kila moja ni karibu kilo mbili, na zikifika 600 ukali hupungua kidogo. Kwa mwenye gari ndizo ningemshauri bila kufikiri mara mbili. Kwa wewe wa matatu na miguu, sina hakika kama baada ya mwezi hutaanza kuiacha nyumbani.

RF 600 f/11 na 800 f/11 wanazozisifu wenzako hazivai kwenye kamera yako, ni za kamera mpya zisizo na kile kioo cha kuakisi ndani. Lakini EF 400 siku ukihamia huko itavaa kwa adapta na fokasi yake itafanya kazi. Kiongeza urefu cha 1.4 usinunue kwa sasa. Kinaifanya iwe f/8, na kamera yako huenda isiweze kufokasi yenyewe. Ile 55-250 uliyo nayo usiiuze: 400 haifokasi karibu kuliko mita tatu na nusu, na chozi kwenye maua ya bibi yako anakuja karibu zaidi ya hapo.

Ukipata muuzaji, pesa isitoke kwenye simu kabla lenzi haijaingia mkononi. Washa tochi ya simu, imulike kutoka nyuma, uangalie kutoka mbele. Vumbi kidogo si neno. Ukiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, na kwa unyevu wa hewa yetu itazidi, muage muuzaji kwa heshima. Ivishe kwenye kamera yako mwenyewe, fokasi kitu cha karibu kisha cha mbali mara kadhaa, usikilize mota kama inakwaruza. Piga picha ya maandishi ukutani ukiwa f/5.6, ikuze, linganisha pembe zote nne. Ukishanunua, ihifadhi kwenye dumu la plastiki lenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja na viatu.

Ukimpata mtu, nitumie picha ya kioo cha nyuma kabla hujapanga naye siku. Ijumaa hii niko Malindi, naweza kwenda kuiona nawe.

Mjomba wako